Miwa Naijua kwa Ulimi

Jamani, nichekeni, lakini mnisikilize kwanza. Nina duka dogo hapa Bellevue, Johannesburg, na ninauza soda za chupa kutoka nyumbani Tanzania, zilizotiwa sukari ya miwa. Ni ghali, kwa hiyo nazifungia kwenye friji yenye kufuli.

Jumamosi, Mama Furaha, msusi Mkongomani wa mlango wa pili, alinibishia mbele ya wateja.

“Soda ni soda tu, papa Saidi.”

Nikapandwa na mori. “Nifunge macho! Nikikosea, wote humu wanakunywa soda zangu bure!”

Akanifunga kitambaa, akanipa glasi mbili. Ya kwanza nikaitema. “Hii ya hapa Joburg. Utamu wa dawa!” Ya pili nikaimaliza yote, machozi yakinilengalenga. “Hii sasa! Miwa yenyewe!”

“Una hakika, papa?”

“Wallahi!”

Nikavua kitambaa. Mezani palikuwa na chupa moja tu, ya plastiki, soda ya hapa hapa.

“Zote mbili zimetoka humu,” akasema. “Ya kwenu ningeitoa wapi? Friji imefungwa, na ufunguo umeuvaa shingoni.”

Nikapapasa kifua. Ulikuwepo.

“Haya, tufungulie. Watu wana kiu.”