Mtani Aliyeacha Utani

Zumana Coulibaly, Mungu amrehemu, alishindilia sufi kwenye magodoro ya watu wa Segu tangu ujana wake. Mifuko ya magodoro hayo aliishona rafiki yake, Fode Keita. Ukoo wa Coulibaly na ukoo wa Keita ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo kila asubuhi Keita alitanguliza tusi, salamu ikafuata.

"Mla kunde, umeamka au tumbo limekulemea?"

Zumana alimjibu kwamba kunde za mji mzima zilimalizwa na ukoo wa Keita, ukabaki kulamba vyungu. Tenin, mke wa Zumana, aliwamiminia chai bila hata kuinua macho. Alikwisha kuwazoea.

Dunia haikai mahali pamoja. Yalikuja magodoro ya sponji, kazi ikaenda na maji. Soko likahamishwa. Wana wao wawili wakaondoka kuvuka jangwa. Wa Keita alifika, wa Zumana hakufika. Hata kwenye msiba ule Keita aliingia na utani, akasema Coulibaly hawajui hata kulia. Ndipo Zumana alipolia hasa.

Kisha ini likamwangusha Zumana. Keita alipoona rafiki yake alivyokonda, ulimi ulimfia kinywani. Akawa anaingia kwa kunyata, anamwita ndugu yangu, anamwombea afya kwa sauti ya chini. Zumana akageukia ukuta. Akaacha kula. Tenin alipomsihi anywe walau uji, alisema, "Keita ameshanizika. Wewe unalisha maiti?"

Tenin akajitanda, akaenda kwa Keita. Hakuketi.

"Shemeji, njoo umtukane."

Keita alisema hawezi, kwamba ni dhambi kumcheka mtu aliye njiani kwa Mola wake.

"Dhambi ni kumwacha peke yake naye angali hai," alisema Tenin.

Alasiri ile Keita alikuja, akasimama mlangoni akishika mwimo.

"Mla kunde wewe," alisema. "Ati ini. Ini gani? Hizo ni kunde za jana."

Mabega ya Zumana yakaanza kutikisika. Tenin alidhani analia.

"Umechelewa, Keita," Zumana alisema, bado akicheka. "Na mwizi wa kunde huwa hachelewi."

Alikunywa uji nusu bakuli, Keita akimshikia.

Alifariki Ijumaa. Jeneza lilipokuwa linatolewa uani, Keita alijilaza mlangoni, kama impasavyo mtani, akasema halipiti mpaka mla kunde huyu amjibu. Watu wakacheka kidogo, wakangoja ainuke. Hakuinuka. Wakaacha kucheka.

Tenin akatoka miongoni mwa wanawake, akainama.

"Amesema umpishe, shemeji. Amesema leo hana nafasi ya kubishana na wewe."

Keita akampa mkono, akainuka. Wakampitisha Zumana. Kwa Mungu tumetoka, na kwake tutarejea.