Kadi ya Mzee Simiyu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumanne moja ya mvua hapa Kitale, nilipokuta panya sita wako hai wakati walipaswa kuwa wamekufa. Nakusimulia kwa sababu umeniambia unaandika barua ya kumshtaki mwenzako huko maabara ya Bungoma. Weka kalamu chini kidogo. Utaichukua tena ukitaka.

Mimi ni mtu wa shaka, unanijua. Hata leo mwenye maziwa akifika mlangoni nayanusa mbele yake kabla sijatoa sufuria. Ujanani nilikuwa mbaya zaidi. Niliajiriwa kutunza panya weupe katika kituo kimoja cha utafiti, na chumbani tulikuwa wawili: mimi, binti wa Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia, na Mzee Simiyu, Mbukusu wa Matulo, aliyeifanya kazi ile miaka mingi. Tulibadilisha maranda vizimbani, tukajaza maji, na daktari akiagiza tuliwadunga panya sindano yenye kirusi. Waliodungwa hawakuvuka siku ya saba. Tuliwahurumia, lakini ndivyo ugonjwa ulivyochunguzwa.

Mzee alinipenda. Aliniita mukhana, yaani binti kwa lugha ya kwao, na kila siku saa nne asubuhi tulikunywa chai ya chupa yake huku akiniuliza maneno ya kwetu, nami nikimfundisha moja moja. Nilimlipa kwa kumcheka. Alichanganya r na l, hata akiandika. Panya wake walikuwa "wanarara" na barua kwake ilikuwa "balua".

"Cheka tu," alikuwa akiniambia. "Panya wenyewe wananierewa."

Basi Jumanne hiyo ilikuwa siku ya tisa baada ya sindano. Nikakuta kizimba kimoja kimehamishiwa mwisho wa rafu, karibu na dirisha, na panya sita ndani wanakula bila wasiwasi. Juu yake palikuwa na kadi mpya kwa mwandiko wa Mzee: MBALI.

Nilisimama na ndoo mkononi. Mbali na nini? Nikakumbuka kwamba kizimba kile alikidunga yeye, mimi sikuwepo. Nikakumbuka alivyokuwa akiongea na panya wake kwa sauti ya chini akidhani simsikii. Nikaunganisha moja na lingine mpaka kesi ikakamilika kichwani: amewaonea huruma, hakuwadunga, na sasa anawatenga wasionekane. Mzee alikuwa nje akiosha vizimba, hatua kumi kutoka nilipokuwa. Nilimpita, nikaenda ofisini.

Daktari alipomwita, alijibu neno moja tu. "Niriwadunga, daktari. Kadi inasema." Lakini kadi tulikuwa tumeisoma sote, na ilisema mbali. Akaambiwa arudi nyumbani asubiri, na ikithibitika hatakuwa na kazi tena. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Aliondoka na chupa yake ya chai kwapani.

Daktari naye alikuwa mtu wa shaka, ila yake ilikuwa bora kuliko yangu, kwa sababu aliipeleka kwa panya. Kuwadunga tena wale sita kusingetufaa, alisema, maana aliyepona mara ya kwanza huenda mwili wake umeshajifunza. Akachukua madume wa kizimba kile, akawapandisha kwa majike wa aina iliyokuwa ikifa, ambao hawakuwahi kuguswa na ugonjwa. Hivyo mtu asingesema kinga ilitoka kwenye maziwa ya mama. Watoto wakazaliwa, wakakua. Sindano nilizijaza mimi mwenyewe. Nikawadunga wale, na panya wa vizimba vingine pia.

Siku ya saba wa vizimba vingine walikuwa wamekufa. Watoto wa madume wale walikuwa wakigombania chakula.

"Wamerithi," daktari akasema. "Ni kinga ya ukoo. Nenda Matulo ukamwite Mzee."

Nilimkuta akipalilia maharagwe. Nikamweleza yote, halafu, kwa kuwa bado nilitaka kuwa na haki kidogo, nikamuuliza kwa nini basi aliandika mbali.

"Si mbali ya kwenda," akasema. "Ni mbali ya watu. Niliangaria kitabu ya uzazi, hao sita mama yao ni mmoja. Nikasongeza kwa dirisha ndio daktari aione. Si ni wewe ulinifundisha hiyo neno, mukhana? Nirijua utasoma, ufurahi."

Mbari. Ndivyo tunavyouita ukoo kwetu. Nilimfundisha mimi, tukinywa chai yake, kisha nikasahau. Mimi niliyemcheka kila siku kwa r na l, siku iliyonihitaji nimsome nikashindwa. Niliona aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo.

Nikamuuliza mbona hakumweleza daktari. "Nilingoja useme wewe," akanijibu, akaendelea kupalilia.

Alirudi akamaliza mwaka wake. Lakini kuanzia hapo aliniita madam, na saa nne ikifika alikwenda kunywa chai nje, peke yake. Nilimwomba msamaha mara tatu. Kila mara alisema, "Yameisha, madam."

Kwa hiyo shaka sikukatazi, mwanangu. Katika kazi yako asiye na shaka ni hatari. Ninachokuomba ni uipeleke kwanza kwenye sampuli, upime upya. Ukitoka hapo nenda kwa mwenzako, umuulize uso kwa uso alikuwa na maana gani, na umsikilize kwa lugha yake, si yako. Ofisi iwe ya mwisho. Mimi nilianza na ofisi.

Mungu akupe jicho kali na ulimi usioogopa kuuliza. Na siku ukikosea, maana utakosea, akujalie mtu atakayekumiminia chai tena.