Mkasi Unaofutwa kwa Spiriti

Shangazi yangu ni mkataji. Kwenye karakana ya kushona sare, mkataji ndiye anayesimama kwenye ile meza ndefu, akatandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, akapiga chaki, kisha akaingiza mkasi. Akikosea yeye wameharibikiwa wote, kwa hiyo shangazi si mtu wa kukurupuka. Hata kugombana anagombana polepole.

Mabaka yalimwanzia vidoleni, baada ya kumzaa mtoto wake wa mwisho. Yakapanda mikono, yakazunguka mdomo, yakashika jicho moja. Daktari wa ngozi akamwambia ni ugonjwa wa mbalanga: ngozi inapoteza rangi, basi. Hauumi, hauambukizi, hauui. Mume wake, fundi bomba asiyejua kunong'ona, alimtazama jioni hiyo akasema, "Mimi nilioa mke mmoja, sasa ninao wawili, na wote wanakoroma." Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Ananisimulia hilo kila mara anaposimulia ya kazini, ili nisije nikadhani kwamba yeye hajui utani. Yule, anasema, alinitania huku kichwa chake kiko kwenye mto wangu.

Kazini utani ulikuwa wa namna nyingine, nao ulianzia kwa Mama Vifungo. Jina hilo alipewa kwa sababu anashona vifungo kutwa nzima, na watu husema kuna mahali pamoja tu alipokosa kutia kifungo, mdomoni mwake. Asubuhi moja alimwangalia shangazi akivua koti, akasema, "Ramani hiyo inazidi kupanuka. Leo umevuka mpaka gani?" Karakana nzima ikacheka. Shangazi naye akatoa cheko la meno tupu. Tangu siku hiyo akawa Ramani. Waliomjua tangu wakiwa wanagenzi, waliofundishwa na yeye kushika mkasi, nao wakamwita Ramani.

Angeweza kuishi na jina. Kilichomtafuna ni mambo madogo madogo yasiyo na jina. Akiweka mkasi mezani, anayefuata anaupangusa mpini kwa kitambaa chenye spiriti, ile ya kutolea madoa, huku akisema mafuta ya mashine yamezidi. Mtu akimsalimia anamnyoshea kiwiko, eti mikono ya shangazi ina chaki. Kikombe chake cha chai kilianza kuwekwa peke yake, nyuma ya sufuria, na siku moja alipokigeuza aliona kimetiwa doa la rangi ya kucha chini ya kitako. Halafu kulikuwa na sifa. "Wewe una moyo, dada. Mimi ningekuwa hivyo nisingetoka nje." Au: "Mshukuru Mungu mumeo bado yupo."

Sasa ulalamike nini? Kwamba mtu kafuta mkasi? Kwamba mtu kakusifia moyo? Shangazi anasema hapo ndipo penye uchafu wenyewe. Kila jambo ni dogo kiasi kwamba ukilitaja unaonekana wewe ndiye mgonjwa wa kichwa. Alimweleza wifi yake, naye akamjibu kwa methali: kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi.

"Wifi," shangazi akamwambia, "mwenye nyumba hajalala tangu mwaka jana."

Kisha ikaja siku ya glavu. Mteja mkubwa wa karakana alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali fulani, aliyekuwa akiagiza mashuka na makoti ya wauguzi. Kabla hajafika, msimamizi alimfuata shangazi pale mezani. Ni mwanaume mpole, mtu wa kutanguliza samahani hata anapoomba kupishwa mlangoni. Akamkabidhi glavu nyeupe za pamba.

"Samahani, dada. Si mimi. Ni wateja, unajua watu walivyo."

Shangazi akazivaa. Jambo hilo humchefua hadi leo anapolikumbuka: kwamba alizivaa, akasema asante. Alikata mashuka na glavu, kitambaa kikimteleza kama sabuni, huku muuguzi mkuu, mtu aliyeshika wagonjwa wa kila aina maishani mwake, akipita bila hata kumtazama mikono. Mteja alipoondoka shangazi alizivua, akazitupa kwenye pipa la vipande. Aliendelea kukata.

Miezi michache baadaye karakana ikaajiri mpiga pasi mpya, binti mwenye mikono mikubwa na kazi safi, kola zake zinasimama kama mbao. Alikuwa na kigugumizi. Siku ya kwanza alijaribu kuuliza wanapotunza maji ya pasi, neno likamkwama kwenye "ma", akabaki nalo. Mama Vifungo, bila hata kuinua macho kwenye sindano yake, akasema, "Cherehani imenasa."

Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka.

Lilimtoka kabla hajaliona. Na katika cheko lile aligundua ladha fulani, utamu mdogo wa kuwa upande wa wengi, wa kuona jicho la karakana limehamia kwa mwingine. Aliiacha kazi mezani akaenda chooni, akafungulia maji, akajitazama kwenye kile kioo chenye ufa. Mabaka yake hayakumsumbua hata kidogo. Alichokiona ni mdomo, bado umeinuka upande mmoja. Aliniambia hajawahi kukionea kitu kinyaa kama alivyouonea mdomo wake siku ile. Ndipo alipoelewa kitu kinavyokwenda: hakuna aliyeamka asubuhi akapanga kumdhalilisha mtu. Kila mmoja anacheka kidogo, anafuta kidogo, anasogeza kikombe kidogo, na wote wanakwenda nyumbani wakiwa watu wema.

Jioni alimngoja mpiga pasi getini, akamwomba radhi. Binti alichukua muda wake kujibu, na shangazi akajilazimisha kutomsaidia kumaliza neno.

"Ni-nimezoea, mama," akasema.

"Mimi nilizoea pia," shangazi akamjibu. "Ona nilivyokuwa."

Haikupita wiki, Mama Vifungo akarudia. Mpiga pasi alikuwa akimwambia msimamizi kwamba waya wa pasi umechubuka, jambo la hatari, na sentensi ikakwama katikati. "Cherehani imenasa," ikasema ile sauti kutoka kwenye kona ya vifungo. Vicheko vikaanza.

Shangazi aliweka mkasi chini. "Rudia, sikusikia vizuri."

Mama Vifungo akarudia, safari hii kwa sauti ndogo.

"Nifafanulie. Kinachochekesha ni nini hapo?"

"Ah, dada, ni utani tu."

"Najua ni utani. Nataka na mimi nicheke. Cherehani imenasa, halafu? Kichekesho kiko wapi?"

Hakuna utani unaostahimili maswali. Mama Vifungo akaangalia sindano yake, akaangalia wenzake, nao wakaanza kutafuta nyuzi zilizoanguka sakafuni. Shangazi akamwomba basi amfafanulie na lile la Ramani. Akaenda kwenye meza ya pasi, akachukua chupa ya spiriti, akaja kuiweka katikati ya meza yake. Akasema asubuhi hiyo mkasi ule ule ulishikwa na watu watatu kabla yake, na haukufutwa mpaka aliposhika yeye, kwa hiyo mtu asimwambie habari za mafuta ya mashine.

Msimamizi akasogea na samahani zake, akasema hapa sote ni familia, na watu hawakuwa na nia mbaya.

"Uliniambia ni wateja," shangazi akamwambia. "Unajua watu walivyo, ukasema. Watu hao ni ninyi. Mnaninyoshea viwiko huku mnaniita dada. Mnanionea kinyaa, sawa, ngozi yangu mnaiona. Lakini mimi ninyi mnanichefua zaidi, na hamna hata baka moja."

Alisema bila kupaza sauti. Aliyejibu ni mshonaji wa kola, mwanamke mkimya ambaye shangazi hakumtegemea. Alisema ni kweli, yeye ndiye aliyetia rangi ya kucha kwenye kikombe. Ana mtoto mchanga nyumbani, aliogopa kuambukizwa, na aliona aibu kuuliza. Shangazi akamweleza alichoambiwa na daktari. Mpaka leo anasema kati ya wote yule ndiye pekee asiyemtia kichefuchefu, kwa sababu woga wake aliuvua hadharani, hakuufunga kwenye sifa.

Habari zilimfikia mwenye karakana, naye akaitisha kikao cha wote. Alizungumza sana juu ya upendo. Mama Vifungo akasimama akasema kama kuna mtu aliumia, basi amsamehe.

"Ondoa hiyo 'kama'," shangazi akasema.

Ilichukua muda, lakini iliondoka. Msimamizi naye akaomba radhi kwa zile glavu, na safari hii samahani yake ilimgharimu kidogo, maana alishindwa kumtazama usoni. Wakakubaliana kwamba mtu ataitwa jina alilokuja nalo.

Usidhani kazi iligeuka pepo. Kuna walionuna majuma mazima, wakisema siku hizi hata kucheka ni kosa. Kuna wawili ambao wakimwona anakuja hunyamaza, na ukimya wao una harufu ile ile ya spiriti. Lakini mkasi haufutwi tena. Na mwezi uliopita alipokuja fundi mpya wa mashine, mtu mnene anayehema akipanda ngazi, Mama Vifungo alifungua mdomo kumpachika jina. Mpiga pasi akamkatiza. Maneno yalimkwama mara nyingi, sentensi ikawa ndefu kama foleni ya hospitali, na karakana nzima ikasimamisha cherehani ikangoja afike mwisho. Alichosema ni kwamba amwache mtoto wa watu afanye kazi.

Nilimuuliza shangazi, nikiwa nyumbani kwake namsaidia kuchambua mboga, kama sasa amewasamehe.

"Kusamehe nimesamehe," akasema. "Kinyaa ndicho kilichobaki. Nikinywa chai pale bado inagoma kooni."

Nikamuuliza kwa nini basi asihamie karakana nyingine, maana mkataji kama yeye hakosi kazi. Akanitazama kana kwamba nimetia jani bovu kwenye sufuria.

"Nihame mimi?" akasema. "Mimi nimefanya nini?"