Kura ya Vyuo

Tulipokuwa kidato cha nne, mwalimu wa taaluma alituambia kila mmoja achague chuo kimoja cha kukiweka mbele, kwa sababu chuo ukikiweka nafasi ya pili hakikutazami. Kisha akaongeza kwamba kutoka Mpanda huchukuliwa wachache mno. Hilo la mwisho ndilo lililotuharibu akili.

Wasichana tulikuwa wachache darasani, tukaona tukikimbilia chuo kimoja tutauana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wetu, aliyekulia makazi ya wakimbizi ya Katumba, akasema wazazi wake walipofika kule waligawiwa mashamba kwa kura, na aliyepata mawe alilima mawe.

"Na sisi tupige kura," akasema. "Ila hakuna kubadilishana. Mkianza kubadilishana, nyie, mtagombana."

Tuliona hiyo ni haki tupu. Tukaandika vyuo kwenye vikaratasi, tukavikunja na kuvitia kwenye kofia. Wala haikutupitia kichwani kwamba nchi nzima ilikuwa ikiomba vyuo hivyohivyo. Tulidhani ushindani unaishia mlangoni pa darasa letu.

Mimi nilitaka uuguzi, na kwenye baiolojia hakuna aliyenikaribia. Nilipokunjua karatasi yangu nikakuta ualimu. Uuguzi ulimwangukia mwenzangu wa dawati, ambaye baiolojia ilimpiga chenga tangu kidato cha kwanza. Niliumia sana. Lakini ahadi ni deni, basi nikaandika ualimu.

Majibu yalipotoka, mimi nilichaguliwa, yeye hakuchaguliwa. Nafasi ya uuguzi niliyomwachia ilikwenda kwa mtu wa mkoa mwingine, ambaye pengine hata Mpanda hajawahi kuisikia.

Siku ya safari alinisindikiza stesheni, sanduku langu kichwani mwake. Tulipolitua nikamwambia kwamba uuguzi nilikuwa nautaka mimi.

Akanigeukia. "Sasa si ungesema tubadilishane? Mimi damu siiwezi. Nikiiona tu, nakimbia."

"Tulisema hakuna kubadilishana."

"Ndiyo maana na mimi nikanyamaza."

Treni ya Tabora ilichelewa, kama kawaida yake. Tukakaa juu ya sanduku, tukiwa na muda tele wa kuzungumza.