Bunduki ya Marehemu Harlan

Arlene Kuhns alikuwa amelisha nusu ya mji, na usibishe. Kwa miaka yote aliyopika shuleni pale bondeni Pennsylvania, alijua nani anachukia karoti na nani anaficha mkate mfukoni ampelekee mdogo wake. Ndiyo maana mumewe Harlan alipofariki akaacha bunduki ya kuwindia kulungu, hakuhangaika kutafuta mnunuzi. Alimuuzia Trent Bixler, kijana wa jirani, pale pale jikoni, kati ya kahawa na pai ya maboga.

Dukani wangepiga simu kwanza, rekodi za Trent zichunguzwe. Lakini bunduki ndefu, ikiuzwa mtu kwa mtu, sheria ya jimbo lile haiulizi kitu. Na huko kumdai jirani yako vibali ni sawa na kumtemea mate.

Tena Arlene alishalisema hilo hadharani. Mji ulipokutana kujadili kama wabunge waombwe mauzo yote ya bunduki yapitie uchunguzi, alisimama na koti lake la uwindaji, rangi ya chungwa, akauliza kama kompyuta ya serikali inawajua vijana wa mji kuliko yeye aliyewajazia sahani tangu hawana meno ya mbele. Wakampigia makofi. Akatembea wiki nzima kama kuku aliyetaga yai la bata.

Kisha shule ikafanya zoezi la kujificha, endapo mtu mwenye bunduki atavamia. Arlene akawaingiza watoto wa darasa la kwanza kwenye stoo ya vyakula, akazima taa, wakabanana chini kando ya magunia ya viazi. Kasichana kamoja kakamvuta aproni.

"Bi Arlene, huyo mtu mbaya akija kweli, utakuwa unamjua?"

"Haji mtu, kipenzi. Nyamaza."

"Lakini wewe si unamjua kila mtu?"

Neno hilo likamkaa kama mwiba wa samaki. Jioni, kwenye chakula cha kuwachangia wazima moto, Vernon Stahl mwenye duka la bunduki akaja kumtania. Akamwambia hotuba yake ilikuwa tamu, ila kabla ya mkutano ule kompyuta hiyo hiyo ya serikali ilimkatalia dukani mmoja wa walaji wake. Sababu haikusema, ilisema hapana tu.

"Mlaji gani?"

"Bixler. Mbona umeacha kutafuna?"

Arlene aliacha sahani imejaa, yeye ambaye hajawahi kubakiza hata ganda la kiazi. Akawasha gari. Alipita mbele ya nyumba ya Trent, akakosa moyo, akageuza, akapita tena, mwisho akasimama.

Trent alimkaribisha ndani, na bunduki ilikuwa ukutani. Arlene akasema anarudisha pesa yote, apewe bunduki yake.

"Kilichouzwa hakirudi, Bi Arlene," Trent akacheka. "Ungeniuzia pai, ningekurudishia?"

"Vernon alikukatalia kwa nini?"

"Mambo ya nilipokuwa jimbo la Ohio hayo. Mwanamke mmoja na mdomo wake. Nikampa dawa ya ngumi, jaji akanifunga."

Hapo mama wa watu akabadilika. Akavuta kamasi, akafuta macho, akaomba aishike mara moja tu bunduki ya mume wake. Trent akaiteremsha, akahakikisha haina risasi, akampa. Nani anamnyima mjane? Arlene akaipapasa. Akavuta komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, akalichomoa lote, akalitia mfukoni. Bila hilo, bunduki ni gongo la kufukuzia mbuzi.

"Huo ni wizi, Bi Arlene."

"Basi waite polisi. Waeleze ulivyokataliwa dukani ukaja kwangu."

Trent hakugusa simu. "Nitaagiza lingine. Linaletwa kwa posta."

"Najua. Ndiyo maana nawaita mimi."

Kituoni alieleza kila kitu, na aliyeuza ni nani. Askari wa zamu aliuliza kama alikuwa anamfahamu mnunuzi.

"Nilimlisha," Arlene akasema, na jibu lile, ambalo mkutanoni lilijaza ukumbi, halikujaza hata kile chumba.

Askari wawili wakatoka. Aliyebaki akamwambia aende akapumzike, kisha akaomba lile komeo. Ilibidi aliombe tena. Arlene alikuwa dirishani, amelibana kiganjani, anaangalia kama gari lao linakunja kona kuelekea kwa akina Bixler.