Sindano Inayotangulia Salamu

Muuguzi mkuu wa kituo cha wagonjwa wa akili ana sauti mbili. Mgonjwa akiwa Mushi mwenzake, mtu wa kabila lake, anavuta kiti, anavua miwani na kumuuliza kwa Mashi, lugha yao, habari za ng'ombe na za mama mkwe, mpaka hata aliyeingia akigombana na hewa anajikuta anacheka. Halafu ndipo vidonge, tena vidogo. Mgonjwa akitoka Shabunda, kwa kabila la Barega, muuguzi anabaki wima, na sindano imejaa kabla mtu hajavuka mlango. "Barega wako wakali," anasema huku akiigonga kwa ukucha. Chancelle, mwanafunzi aliye kwenye stage, mafunzo ya kazi, anacheka kila mara, maana pointi zake ziko mkononi mwa huyo huyo.

Leo kijana mmoja Murega wa Shabunda, siku ya tisa ya kudungwa, mate kidevuni, alisubiri mlangoni akisikia Mushi mmoja akichekeshwa. Zamu yake ilipofika, akakunja shati mwenyewe.

"Papa, choma tu. Lakini ukae na miye kwanza kama na ule. Hata miye niko na mama mukwe."

Chancelle akacheka kwa mazoea, peke yake, akatamani ardhi immeze. Akainuka haraka: kiti alikuwa amekikalia yeye. Muuguzi akakaa, akaweka sindano chini. Miaka kumi na miwili kazini, na hakuwa na swali hata moja la kumuuliza mtu wa Shabunda.

"Kwenu..." akaanza, masikio yakimuwaka, "kwenu munalimaka nini?"