Mkubwa wa Nzi wa Chooni

Mtaalamu wa nzi wa kale hubeba kila kitu kama yai, hata ndoo ya maji. Huongea kiganja kikiwa mdomoni, maana kazini pumzi ikigusa lenzi, nzi wake hupotea kwenye ukungu. Nzi wa mezani hawapigi. Huwapungia taratibu, kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni mlango. Nzi aliyegeuka jiwe alipomjia bila jina, alimpa la mama mkwe wake, na tangu siku hiyo mama hutembea na picha ya nzi huyo mkobani, akiwaonyesha watu kabla ya picha za wajukuu.

Leo amekaa ukingoni mwa kochi la mama huyo, jasho linamtoka. "Mama, wenzangu wamemchunguza upya yule nzi wetu. Ukoo tuliomweka si wake."

"Wamenifuta?"

"Jina halifutwi, mama. Nzi akihama, nalo linahama naye." Kiganja kikapanda mdomoni. "Amehamia kwa nzi wa chooni."

Jikoni, mkewe aliangusha sufuria. Mama akatoa picha, akaifuta vumbi, akaikodolea macho kitambo.

"Huko chooni kuna mwingine mwenye jina la mtu?"

"Hakuna, mama."

"Basi mkubwa wao ni mimi," akasema, akairudisha mkobani.

Nzi akatua kwenye kikombe cha mtaalamu. Mwenye kikombe akainua mkono ampungie, akasita, akamgeukia mama mkwe kuomba ruhusa.